Mlo wa Saa Tatu Usiku: Mhadhara Juu ya Kiungulia



Nimeombwa nizungumze juu ya ugonjwa ambao watu wengi hawauhesabu kuwa ugonjwa. Malaria tunaijua. Kipindupindu tunakiogopa. Kifua kikuu kina kadi yake na dawa zake. Lakini moto unaopanda kutoka chembe cha moyo hadi kooni, maji machungu yanayomwamsha mtu saa nane za usiku akikohoa, huo hauna kadi. Mtu huamka, hukaa kitako gizani, humeza mate, hunywa maji, husubiri moto upungue, kisha hulala tena. Asubuhi akiulizwa ameamkaje, hujibu salama. Mimi nilijibu hivyo kwa miaka sita, na ninafanya kazi ya uuguzi.

Nianze na jina, maana hapo ndipo wengi wetu tunapotea njia. Hapa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kila moto wa tumbo huitwa alsa. Sisi tuliotoka Kongo tunasema gastriti. Msomali ana jina lake, Mnyankole ana lake, lakini wote tukifika kwenye duka la dawa tunaomba kitu kimoja: dawa ya alsa. Kiswahili chenyewe kilishatutengea maneno, na tungeyashika tungejiokoa na gharama nyingi. Kiungulia ni kimoja. Vidonda vya tumbo ni kingine.

Tumbo la chakula hutoa asidi kali kuliko siki na kuliko ndimu. Halijiunguzi, kwa sababu limetandikwa ute mzito unaolikinga. Umio, yaani njia inayoshusha chakula kutoka kooni, haukupewa kinga ya namna hiyo. Pale umio unapokutana na tumbo pana msuli wa mviringo, kama mdomo wa mfuko wa kamba: hulegea tonge lipite, kisha hukaza. Msuli huo ukilegea wakati usio wake, asidi hupanda. Umio huungua, nasi tunasikia moto nyuma ya mfupa wa kifua. Hicho ndicho kiungulia. Mwingine hacheui wala hasikii moto, bali huamka na sauti ya kukwaruza, au hukohoa usiku mwezi hata mwezi, akapimwa kifua kikuu na kisionekane.

Kidonda cha tumbo ni jeraha bichi, kishimo kwenye ukuta wa tumbo au mwanzo wa utumbo. Kwa miaka mingi waganga waliamini kwamba kinaletwa na mawazo na pilipili. Kisha Waaustralia wawili wa mji wa Perth, Barry Marshall na Robin Warren, walimwona bakteria aliyejificha ndani ya ute wa tumbo, anayeitwa Helikobakta pailori. Wenzao hawakuwasadiki. Mwaka 1984 Marshall alikunywa mchuzi uliojaa bakteria hao, akaugua tumbo ndani ya siku chache. Mwaka 2005 walipewa Tuzo ya Nobeli. Tangu hapo tunajua kwamba vidonda vingi vina mdudu nyuma yake, na vingine vingi huletwa na dawa za maumivu. Mdudu huyo anatibika kwa antibayotiki mbili pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa siku 14.

Haya yana uzito kwetu kwa sababu moja. Kiungulia hakiletwi na mdudu huyo. Ukimuua leo, mlango wa tumbo lako utabaki umelegea vilevile. Na kile kipimo cha damu ambacho vituo vingi vya binafsi hukifanya kwa dakika chache hutafuta alama ambazo mwili hubaki nazo miezi mingi, hata miaka, baada ya mdudu kufa. Mimi nilipimwa hivyo nikaambiwa ninaye. Nikatibiwa siku 14. Miezi minne baadaye moto ukarudi, nikapimwa tena kwa damu, nikaambiwa ninaye, nikatibiwa tena. Mara ya tatu nilikopa pesa za dawa. Hakuna aliyeniuliza ninakula saa ngapi wala ninalala vipi. Kipimo kinachoonyesha kama mdudu yupo leo ni kile cha choo kikubwa, au kile cha pumzi palipo na mashine yake. Mkiandikiwa matibabu ya mdudu kwa mara ya pili, ulizeni kwa heshima: nimepimwa damu au choo?

Sasa nije kwenye saa ya kula, nikianzia kwenye makazi yetu.

Makazi haya yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, walipokuja ndugu zetu kutoka Rwanda. Baada yao wakaja wengine, na leo Wakongomani ndio wengi, pamoja na Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Waliotangulia walikuta ardhi ya kulima na ya kulisha. Anayefika sasa hupewa kiwanja kidogo, na mgao wa chakula umekuwa ukipungua. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kutugawa kwa makundi, wa kupewa zaidi, wa kupewa kidogo, na wa kutopewa. Mwaka 2025 wakimbizi milioni moja nchini Uganda waliondolewa kwenye mgao. Mnayajua haya kuliko mimi ninavyoweza kuyasema.

Nayataja kwa sababu vitabu vya tiba vilivyoandikwa Ulaya na Marekani humwambia mwenye kiungulia apunguze uzito, aache chokoleti, aache nyama ya mafuta na vyakula vya mikahawa. Ushauri huo ni wa kweli kwa wanaohusika nao, na pale Mbarara mjini wapo. Lakini nimekaa na mama mmoja wa Rubondo, hapahapa Nakivale, mwembamba, asiyekunywa pombe wala kuvuta sigara, na kiungulia chake kilikuwa kikali kuliko cha tajiri yeyote. Nikamwomba anisimulie siku yake.

Alfajiri huenda kulima shamba la mtu kwa kibarua. Hajala. Mchana akirudi hunywa chai ya rangi yenye tangawizi nyingi, ya moto sana, ili njaa itulie. Kisha maji, jerikeni mbili. Kisha kuni. Jua likikaribia kuzama ndipo anapotenga maharage jikoni, na maharage ya mgao ni magumu, hula saa tatu za moto. Posho, yaani ugali, husongwa mwishoni. Wanakula saa tatu usiku, mlo mmoja wa siku nzima. Kwa kuwa ni mmoja, kila mtu hula mpaka ashibe kweli, nani atamlaumu? Taa ni ya sola ndogo, baridi ya ziwani inaingia, na kesho kuna jembe. Saa tatu na nusu wote wamelala, chali, juu ya mkeka ulio sawa na ardhi.

Tazameni jinsi siku hiyo inavyomtenda. Tumbo lililojaa pomoni hutanuka, na likitanuka ule msuli wa mlango hulegea mara nyingi zaidi. Mlo mzito huhitaji saa kadhaa kutoka tumboni. Mtu akisimama au akikaa, uzito wa chakula chenyewe humsaidia, kwa kuwa asidi hukaa chini. Akilala chali, tumbo na koo vinakuwa usawa mmoja, kama jerikeni iliyolazwa bila kifuniko. Mama huyu alikuwa ameacha pilipili, ameacha nyanya, ameacha sombe ya majani ya muhogo, hata ndagala, yaani dagaa, alishaziogopa. Alikuwa akipunguza vyakula vichache alivyo navyo, na moto ukabaki palepale, kwa sababu haukuwa ndani ya pilipili. Ulikuwa ndani ya saa tatu na nusu.

Tulifanya hivi, na naomba mnisikilize wenye maharage magumu. Usiku, kabla ya kulala, maharage yanalowekwa. Asubuhi maji yanamwagwa, yanawekwa mapya. Binti yake anayerudi shule mchana ndiye anayeyatenga, na yaliyolowekwa huiva kwa muda mfupi zaidi, kwa kuni chache zaidi. Wanakula saa kumi na moja jioni. Na sufuria ileile, chakula kilekile, hakikuongezeka hata kijiko, sasa inagawiwa mara mbili: sehemu kubwa jioni, sehemu ndogo inafunikwa na kupashwa moto mpaka ichemke alfajiri kabla ya jembe. Wiki ya kwanza watoto walilalamika kwamba wanalala na njaa. Wiki ya pili walizoea, kwa kuwa asubuhi wana kitu tumboni. Kanuni ninayowaomba muishike ni saa tatu kati ya tonge la mwisho na kulala. Ukishindwa tatu, mbili. Ukishindwa zote, basi kula nusu, nusu ibaki asubuhi.

Ndugu zetu Waislamu wataniuliza juu ya Ramadhani. Futari nyepesi, mlo wenyewe baada ya Tarawehe usiwe wa kushindilia, na daku iliwe mapema kidogo ili mtu asirudi kujinyoosha kitandani mara moja na tumbo limejaa. Na anayetumia dawa aje tupange saa zake mwezi haujaandama.

Mlalo ni nusu ya pili ya tiba, na hapa pia vitabu vinadhani kila mtu ana kitanda. Mwenye kitanda aweke tofali moja moja chini ya miguu miwili ya upande wa kichwa, upande huo unyanyuke sentimita 15 hadi 20. Mito miwili haifai, maana humkunja mtu kiunoni na kulikamua tumbo. Mama wa Rubondo hakuwa na kitanda. Mume wake alichukua udongo uleule wanaofyatulia matofali, akaukanda na nyasi kavu na maji, akajenga juu ya sakafu mwinamo wa urefu wa mwili, juu upande wa kichwa, ukishuka taratibu hadi kiunoni na kuishia miguuni. Akausawazisha kwa ubao, akaupaka kinyesi cha ng'ombe kama wafanyavyo majirani zao Wanyankole kwenye sakafu zao, akauacha ukauke siku nne mlango ukiwa wazi. Mkeka ukatandikwa juu. Haukugharimu shilingi. Nilipoushika ulikuwa mgumu na laini kama mtungi. Alilala juu yake kwa ubavu wa kushoto, kwa sababu tumbo la chakula limejikunja kuelekea kushoto na ukilala upande huo asidi hubaki chini ya mlango badala ya kuuelemea.

Niseme juu ya maziwa, maana tuko Ankole. Hapa maziwa ni heshima, ni riziki, na mgeni hupewa kikombe kabla ya kuulizwa ametoka wapi. Mwenye kiungulia hupewa pia, na kwa dakika chache hupoa kweli. Mwaka 1915 daktari mmoja wa Chicago, Bertram Sippy, aliwaandikia wagonjwa wa vidonda maziwa na malai kila saa, na dunia ya tiba ikamfuata kwa miongo mingi. Baadaye vipimo vilionyesha kwamba maziwa, baada ya kupoza, huliamsha tumbo litoe asidi zaidi. Kwa hiyo kunyweni maziwa kwa sababu ni chakula, mchana, na msiyafanye dawa ya saa nne usiku. Eshabwe pia, mchuzi wa hapa uliojaa samli, iliwe mapema.

Mengine nitayapitia upesi. Pombe hulegeza ule mlango, iwe waragi, tonto au kasiksi. Sigara vilevile. Kufunga kitenge kwa nguvu tumboni baada ya kula, au kuinama kupalilia tumbo likiwa limejaa, hukamua asidi juu. Mama mjamzito huungua kwa sababu homoni za mimba hulegeza msuli na mtoto husukuma tumbo. Kwa wengi huisha baada ya kujifungua, na mama hana haja ya kula udongo kama tiba, maana huweza kumletea minyoo. Pilipili na nyanya, kila mtu ajipime mwenyewe: kinachokuunguza kiache, kisichokuunguza kula, tuna vyakula vichache mno vya kuvikataa kwa uvumi.

Dawa zinahitaji muda zaidi.

Vidonge vyeupe vya kutafuna, vya magnesiamu, huizima asidi iliyopo kwa dakika chache, kisha nguvu yake huisha. Ni vizuri kwa moto wa mara mojamoja. Lakini nawasihi wenye kutumia ARV, na najua mpo na hakuna aibu hapa: vidonge vilivyotengenezwa kwa magnesiamu au aluminiamu huishika dolutegraviri, ile dawa ya kuzuia VVU iliyomo katika ARV, tumboni na kuizuia isiingie mwilini. ARV imezwe saa mbili kabla ya kidonge hicho, au saa sita baada yake. Mtu anaweza kumeza dawa zake kila siku kwa uaminifu na virusi vikapanda, kwa sababu ya kidonge cha kiungulia ambacho hakukitaja kwa sababu hakukihesabu kuwa dawa. Kitajeni.

Omeprazoli hufanya kazi kwa namna nyingine. Huzifunga pampu zinazotoa asidi, na pampu hizo huamka wakati wa chakula. Ndiyo maana humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya mlo wa kwanza wa siku. Wengi wetu tunaimeza usiku, tumbo limeshajaa, tukiwa tayari tunaungua, kisha tunasema haifai. Tena hununuliwa vidonge vitatu vitatu, kadiri ya sarafu zilizopo mfukoni. Nguvu yake kamili huonekana baada ya siku kadhaa, na tiba ya umio ulioungua ni wiki nne hadi nane mfululizo. Aliyeitumia miezi mingi asiikate ghafla, maana tumbo lililozuiwa muda mrefu hutoa asidi kwa wingi linapoachiwa, na mtu hudhani ugonjwa umezidi. Apunguze taratibu akiongozwa na muuguzi.

Kisha zipo dawa zinazoleta moto wenyewe. Diklofenaki na ibuprofeni, tunazopewa kwa mgongo uliochoka na jembe, hula ute wa tumbo. Mwenye moto wa tumbo aombe parasetamoli. Doksisaiklini ikimezwa kwa funda moja la maji na mtu akalala, kidonge hung'ang'ania ukutani mwa umio na kuuchoma. Imezwe kwa kikombe kizima, mtu ameketi, na abaki ameketi nusu saa.

Nimebakiza jambo ambalo ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa.

Ukanda huu wa Afrika, kutoka Ethiopia kushuka Kenya, Uganda, Malawi hadi Afrika Kusini, una kansa ya umio nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Katika hospitali ya Tenwek, kule Bomet nchini Kenya, madaktari wameipokea miaka mingi, hata kwa vijana. Aina iliyoenea kwetu haitokani hasa na kiungulia. Pombe, tumbaku na vinywaji vya moto mkali vinatajwa zaidi. Mwaka 2016 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani walivitaja vinywaji vya joto linalozidi nyuzi 65 kuwa huenda vinaleta kansa hiyo. Ile chai ya kutulizia njaa, iacheni ipoe. Lakini kansa na kiungulia hukutana kwenye dalili moja: chakula kukwama. Tonge likianza kusimama kifuani, kwanza posho, kisha mkate, kisha hata uji, hiyo si dalili ya kutibiwa dukani. Vilevile kutapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, choo cheusi kama lami, kukonda bila sababu, au moto ulioanza kwa mara ya kwanza uzeeni. Na maumivu ya kifua yanayokuja ukipanda kilima na mzigo, yakashuka mkononi, hayo yanaweza kuwa ya moyo. Usiyatafunie kidonge cheupe.

Mwenye dalili hizo aanzie kituo chetu cha afya, apate karatasi ya rufaa, aende Mbarara, kwenye hospitali ya rufaa ambayo ndiyo hospitali ya kufundishia ya chuo kikuu kilichofunguliwa pale mwaka 1989. Ni kilomita zipatazo 60. Huko huingizwa mpira mwembamba wenye kamera, daktari akautazama umio kwa macho. Kipimo kinakera koo, hakikati mtu popote. Nendeni bila kula tangu usiku, na chukueni daftari lenye saa mnazokula, saa mnazolala, na kila dawa mnayomeza.

Mzee mmoja wa Juru, hapahapa makazini, alikuja kwangu na mfuko wa plastiki uliojaa maganda ya dawa ya alsa, ya miaka miwili. Nikamuuliza, "Papa, chakula kinasimama wapi?" Hakujibu kwa maneno. Aliweka kidole katikati ya kifua, akakiacha hapo. Nikamuuliza tangu lini. "Tangu mahindi ya mwaka jana, mwanangu. Nilidhani ni alsa, nikaongeza dawa." Tuliandika rufaa siku ileile, jirani zake wakachanga nauli. Mbarara walikuta umio umebanwa na makovu ya asidi ya miaka mingi. Haikuwa kansa. Alirudi na karatasi, akanipa niisome, kisha akaniomba niisome tena mbele ya mkewe. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu: kuanzia leo, jioni apike saa ngapi?